Butula Hadi Mombasa kwa Ndege: Mafunzo Niliyopata

Vijana wa huku kwetu wakipata kazi au biashara ya kuwapeleka Mombasa, huja kuniuliza: kutoka Kisumu hadi Mombasa kwa ndege ni muda gani? Jibu la angani ni jepesi. Ukivuta mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Kisumu hadi Uwanja wa Moi, Mombasa, unapata kilomita kama 695. Ndege ya propela ya abiria sabini na kitu, ikienda moja kwa moja, humaliza mwendo huo kwa saa moja na robo hivi, au saa moja na nusu ukihesabu tangu iondoke langoni. Lakini anayeuliza haishi uwanjani. Anaishi Kingandole au Elugulu, na anakokwenda ni Chaani, Mikindani au Magongo. Jibu lake ni jingine, nami limenichukua miaka kulijua vizuri.

Nilikuwa wakala wa forodha mpakani, Busia na wakati mwingine Malaba. Shehena nyingi inayopita huku kwenda Uganda na kwingineko hushushwa Kilindini, kwa hiyo mtu wa kazi yangu alikuwa mguu mmoja mpakani, mwingine bandarini. Mpango wa Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2014, ushuru wa mizigo ya Uganda ukawa unashughulikiwa kabla lori halijatoka Mombasa. Kazi nyingi ikahama mpakani ikateremka pwani, na wengi wetu tukaifuata. Ndipo nilipozoea ndege. Haya nayaandika kwa wanaoanza sasa, wenye wateja wasiopenda kungoja.

1. Hesabu safari tangu mlangoni kwako

Nilikuwa na tabia ya kuandika nyakati nyuma ya bahasha niliyobebea hati za mzigo. Bahasha moja ninayo hadi leo, imeandikwa hivi:

Saa tisa na robo usiku, boda mlangoni. Saa kumi kasoro dakika ishirini, steji ya Bumala, gari halijajaa. Saa kumi na robo, tumeondoka. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, lango la uwanja, Kisumu. Saa mbili, tumeruka. Saa tatu kasoro dakika kumi, Nairobi. Saa sita kasoro dakika ishirini, tumeruka tena. Saa saba kasoro robo, Mombasa. Saa nane, kwa shemeji Chaani, nanawa mikono.

Nilipoijumlisha nilishangaa. Karibu saa kumi na moja, na kati ya hizo, za angani hazikutimia mbili. Nilikuwa nimelipa nauli kwa ajili ya zile mbili, nikidhani ndizo safari. Zile tisa nyingine hakuna aliyeniuzia. Zilikuwa zangu kuzipanga au kuziacha zinipange.

Basi la Busia kwenda Mombasa huondoka mchana na kukufikisha asubuhi ya pili, baada ya zaidi ya kilomita 900 za lami. Ndege bado inalishinda, tena kwa mbali. Ila mtu akikwambia "Mombasa ni saa moja na nusu", huyo amekutajia kipande cha safari, tena kile kipande ambacho wewe huwezi kukifupisha hata kwa dakika moja. Vinavyofupishika viko chini: boda, steji, gari lisilojaa, foleni ya ukaguzi, masaa ya Nairobi, mizigo ya kungoja ukishatua.

Na hapa kuna jambo dogo lenye faida kubwa kwa mtu wa upande wetu. Ukitoka Bumala, ukapita Ugunja, Yala, Luanda na Maseno, ukateremka hadi Kisian, uwanja wa ndege unaufikia kabla ya mji wa Kisumu. Upo kando ya barabara hiyohiyo, upande wa ziwa. Mwambie makanga tangu Bumala kwamba unashukia uwanjani, umkumbushe tena mkiwa Kisian. Ukinyamaza atakupeleka mpaka steji kuu mjini, kisha ulipe tuktuk ikurudishe ulikotoka, kaunta ikikaribia kufungwa. Safari za ndani kaunta hufungwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya ndege kuondoka, kila kampuni na utaratibu wake. Muda huo umeandikwa kwenye tiketi. Usome nyumbani.

2. Nairobi haikupotezei njia, inakupotezea muda

Nilikuwa nikilalamika kwa miaka kwamba tunazungushwa. Mtu wa Kisumu anataka kwenda Mombasa, kwa nini apelekwe Nairobi? Niliamini tunaenda kombo, kama mtu anayetoka Bumala kwenda Busia akapitia Mumias.

Siku moja mjukuu wangu alikuwa sebuleni na atlasi yake ya shule, nikamwomba rula. Tukaiweka kwenye ramani ya Kenya, ncha moja Kisumu, ncha nyingine Mombasa. Rula ikapita jirani kabisa na Nairobi. Yule mtoto akacheka, mimi nikavaa miwani kuhakikisha. Baadaye nikatafuta vipimo vyenyewe: Kisumu hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kilomita kama 280 kwa mstari ulionyooka, na kutoka hapo hadi Mombasa kama 422. Jumla 702. Moja kwa moja ni 695. Kwa hiyo kupitia Nairobi kunaongeza kilomita 7 hivi, pungufu ya umbali wa kutoka Busia mjini hadi vijiji vyake vya kando.

Ukifikiria historia utaona si ajabu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikielekea ziwani. Nairobi ilianza 1899 ikiwa kituo cha wajenzi wa reli hiyo kabla ya kuipandisha nyanda za juu, na reli ikafika Kisumu Desemba 1901. Mji uliota juu ya njia ya kutoka bahari hadi ziwa. Sisi wa ndege tunapita juu ya njia ileile, na mtu akikaa dirishani siku ya anga safi ataiona yote: kwanza ziwa na magugumaji yake, halafu mashamba ya mpunga ya Ahero, chai ya Kericho, msitu wa Mau, Bonde la Ufa na Longonot, kisha mabati ya Nairobi. Kutoka Nairobi kwenda Mombasa kaa upande wa kulia, asubuhi. Kilimanjaro hujitokeza juu ya mawingu, na baada yake ni udongo mwekundu wa Tsavo mpaka unapoanza kuona minazi.

Tangu siku ile ya rula nimeacha kulalamikia umbali. Ninachopigana nacho ni kusubiri. Ndege ya kwanza ikitua Nairobi saa tatu na ya pili ikaruka saa sita, hizo kilomita 7 zimekugharimu saa tatu. Mtafutie msafiri pengo la saa moja na nusu hadi mbili. Chini ya hapo, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu umeachwa. Zaidi ya hapo unanunua chai ya bei ya uwanjani na kuzidi kuchoka.

Ikiwepo safari ya moja kwa moja kati ya Kisumu na Mombasa, ichukue hata ikizidi bei kidogo. Safari hizi huwekwa na kuondolewa kulingana na abiria, na huenda siku chache kwa wiki, kwa hiyo uliza kwanza, kisha ndipo umpangie mteja siku ya kukutana. Watu wengi hufanya kinyume: wanaahidi Jumanne, halafu wanagundua ndege ni Jumatano.

3. Nairobi ina viwanja viwili, na kati yao kuna msongamano

Hili nililiona kwa kijana mmoja wa Malaba tuliyekuwa tukifanya naye kazi, mwerevu sana, mwenye mkono mwepesi wa kutafuta bei nafuu. Alinunua tiketi mbili mbalimbali, kila moja kwa kampuni yake, akaokoa pesa nzuri. Ya kwanza ilimtoa Kisumu. Ya pili ilimtoa Nairobi kwenda Mombasa. Karatasi zote mbili zilisema Nairobi, naye aliishia hapo kusoma.

Ndege ya kwanza ilimshusha Wilson, kando ya barabara ya Lang'ata. Ya pili ilikuwa inaruka kutoka Jomo Kenyatta, upande wa Embakasi. Kwa ramani viwanja hivi ni jirani. Kwa barabara, asubuhi ya siku ya kazi, ni safari ya teksi ambayo hakuna dereva mkweli atakayekuahidi muda wake. Alifika akakuta kaunta imefungwa. Na kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili zisizohusiana, hakukuwa na mtu wa kumlalamikia. Kampuni ya kwanza ilikuwa imemfikisha kwa wakati. Ya pili ilikuwa imemsubiri mpaka mwisho wa muda wake. Wote walikuwa na haki, na yeye ndiye aliyebaki amesimama na begi.

Aliniambia kilichomwokoa ni garimoshi. Madaraka Express, lililoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, huondokea Syokimau, si mbali na uwanja wa Jomo Kenyatta, na huchukua saa tano au sita hivi. Alipata nafasi ya alasiri, akaingia Miritini usiku. Nimelihifadhi hilo akilini kama mlango wa dharura, na nawe ulihifadhi, ila ujue kwamba mwisho wa mwezi na sikukuu tiketi za reli huisha mapema.

Nunua tiketi moja ya safari nzima kila unapoweza. Hapo ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya kampuni kukutafutia nafasi nyingine. Ukilazimika kununua mbili, tafuta jina la uwanja, jina la mji halitoshi, na ujipe nusu siku katikati.

4. Propela au jeti, muda ni uleule

Kuna watu husema hawapandi "ndege ya feni" kwa kuwa ni ya polepole. Jeti kweli ina kasi kubwa zaidi, kama kilomita 800 kwa saa ikishatulia angani, na zile za propela tunazoziona Kisumu huenda kama 600 na kitu. Lakini kati ya Kisumu na Nairobi ni kilomita 280 tu. Ndege inapanda kuvuka ukingo wa Mau, inatulia kidogo, na tayari inaanza kuteremka. Hiyo kasi kubwa haipati mahali pa kutumika. Kisha ikifika Nairobi, njia ya kutua ni moja kwa ndege zote, kubwa na ndogo, na foleni ni ya wote. Nimepanda zote mbili nikitazama saa. Tofauti ni dakika chache. Chagua kwa saa ya kuondoka na kwa bei.

5. Kisumu iache asubuhi, na uirudie asubuhi

Shangazi yetu alifariki, na mazishi yakawa Jumamosi, Butula. Wengi tulikuwa Mombasa. Ijumaa ya matanga, kama mjuavyo, ndege za kuja huku hujaa wana wa nyumbani, kwa hiyo tulipata nafasi ya ndege ya jioni pekee. Nairobi tuliruka salama. Tulipokaribia ziwa, anga mbele yetu ilikuwa nyeusi kama sufuria, radi zikipiga kila upande. Rubani akatuambia kwa upole kwamba tutazunguka kidogo tukisubiri. Tukazunguka. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa ameshika mfuko wa maua ya mkewe kaka yake, hakuuweka chini hata mara moja. Baada ya kitambo rubani akasema mvua haitoi nafasi, tunarudi Nairobi.

Wakati ule nilikasirika. Leo namshukuru rubani yule. Wanaoijua hali ya hewa ya Kisumu walinieleza sababu: mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, hukutana na upepo unaotoka milima ya Nandi na Kericho, hewa yenye unyevu hupanda juu, na kufikia alasiri au jioni wingu limekomaa kuwa radi. Kericho inajulikana kwa mvua ya mawe kwa sababu hizohizo. Asubuhi mapambano hayo huwa hayajaanza. Ndiyo maana ndege ya asubuhi Kisumu huaminika kuliko ya jioni, hasa Machi hadi Mei.

Nairobi nayo ina siku za ukungu wa alfajiri unaozuia ndege kutua, lakini ukungu huo jua likipanda huondoka, na siku bado iko mbele yako. Radi ya jioni ikikurudisha, siku imekwisha.

Tulilala Nairobi sakafuni kwa jamaa mmoja wa Kayole na tukapanda matatu ya alfajiri. Tulimkuta shangazi ameshashushwa kaburini. Kama safari yako inahusu jambo lisilorudiwa, mazishi, mahari, mtihani wa kazi, fika siku moja kabla. Gharama ya kulala usiku mmoja zaidi nimeilipa mara nyingi tangu hapo bila kinyongo.

6. Ukiwa Malaba, usiifuate Kisumu kwa mazoea

Watu wa Malaba, Amukura na Bungoma hupenda kushuka Kisumu kwa kuwa ndiyo waliyoizoea. Lakini kutoka Malaba barabara kuu inakupeleka Bungoma, Webuye hadi Eldoret, kama kilomita 130, na uwanja wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997, uko kama kilomita 16 kusini mwa mji. Kwa angani, Eldoret hadi Mombasa ni kilomita 690, karibu sawasawa na kutoka Kisumu. Kwa hiyo anayetokea Malaba alinganishe barabara tu na ratiba ya siku hiyo. Wa Butula hana haja. Kisumu ni yake, barabara yake haifiki kilomita 100.

Wengine wa Busia huniuliza kuhusu Entebbe. Kwa safari ya nje, kama Dubai, inafaa kupiga hesabu, maana Kampala iko kilomita kama 200 kutoka mpakani na Mkenya huvuka kwa kitambulisho. Kwa Mombasa, hapana.

7. Jua la nyumbani huchelewa kuzama

Hili lilinifurahisha nilipolitambua. Saa za Butula na Mombasa ni zilezile, lakini jua si lilelile. Sisi tuko magharibi zaidi, na jua huzama kwetu kama dakika 20 baada ya kuzama Mombasa. Nilikuwa nikiona shemeji akiwasha taa Chaani, nikipiga simu nyumbani naambiwa watoto bado wako nje wanacheza. Anayerudi kwa ndege ya mchana anaongezewa mwanga huo kidogo, na kwa mtu mwenye safari ya barabara mbele yake dakika ishirini za mwanga ni kitu. Mtu wa kwenda pwani anapunguziwa kiasi hichohicho, kwa hiyo ajue giza litamkuta mapema kuliko alivyozoea.

Kwa anayerudi, kipande kigumu kuliko vyote ni hiki cha mwisho, cha kutoka Kisumu hadi nyumbani. Ndege ya jioni ikichelewa, unatoka uwanjani Kisumu saa mbili usiku, barabarani magari ya kwenda Busia yamepungua, yale yanayopita yamejaa tayari kutoka mjini, na hata ukipata moja, Bumala utaikuta na boda wachache wanaotaja bei mara tatu. Hapo kilomita zisizofika 100 zinaweza kukushinda wakati 695 umezimaliza ukinywa maji.

Mimi humpigia mwenye Probox wa Bumala nikiwa bado Mombasa, kabla sijapanda ndege ya kwanza. Tunaelewana bei hapohapo, na tunaelewana pia kiasi cha kuongeza ndege ikichelewa, ili asiondoke. Namwambia aegeshe nje ya lango kando ya barabara kuu, sehemu yenye taa, nami natoka na begi langu la mkononi bila kungoja mizigo. Nambari yake iko kwenye simu, na iko pia kwenye karatasi ninayoiweka pamoja na kitambulisho, kwa sababu ukikaa Nairobi saa tatu ukipokea simu za wateja, chaji huisha kabla ya Kisumu.